Mpiga Mbizi wa Vai Lani

Watu walikuwa bado wanakula.

Hilo ndilo lililomkaribisha Inspekta Eusebio Barragán alipopita chini ya lango la makuti ya plastiki. Maiti ilikuwa imelazwa kando ya bwawa, imefunikwa kwa taulo mbili za kuogea, miguu mikubwa imebaki nje. Karibu kabisa na miguu hiyo, wanaume watatu wenye mashada ya maua ya karatasi shingoni walikuwa wanaguguna mbavu za nguruwe.

"Mnakula?" aliuliza Barragán.

Mmoja alijipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono. "Nyama ilishaiva, ofisa. Ingekuwa hasara."

Barragán alimtazama mpaka akauweka mfupa chini.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Septemba, mwaka 1964, na jua lilikuwa bado juu ya mapaa ya Alhambra, California. Moshi wa magari na viwanda ulikuwa umelala juu ya bonde lote tangu asubuhi, rangi yake kama chai iliyomwagika, na macho yaliwasha. Lakini ndani ya Vai Lani, majengo ya nyumba za kupanga, mienge ya gesi ilikuwa inawaka, maporomoko ya maji yalikuwa yanaporomoka kwa nguvu ya mota, na kipaza sauti kilichofichwa ndani ya kinyago kilikuwa kinapiga ngoma.

"Izimeni hiyo ngoma!"

Ngoma ikakatika. Katika ule ukimya ikasikika sauti ya mtu anayetafuna barafu.

Sajini Floyd Mabry, kijana mpole ambaye wazazi wake walitoka Oklahoma, alimsogelea bosi wake akiwa ameshika kofia mkononi.

"Marehemu anaitwa Iosefa Tuilagi, Afande. Msamoa. Siku za kazi anachomelea meli bandarini San Pedro. Jumamosi anakuja hapa kupiga mbizi."

"Mbizi ya nini?"

"Maonyesho, Afande. Kuwaburudisha wapangaji. Anapanda ule mwamba na mwenge mkononi, anajitupa bwawani kichwa chini."

Barragán aliutazama mwamba. Ulikuwa wa saruji iliyopakwa rangi ya kahawia, na juu yake minazi miwili ya kweli iliyokwisha kukauka.

"Leo ikawaje?"

"Alijitupa. Hakuibuka."

"Na hawa?"

Mabry aliinamisha macho. "Walipiga makofi."

"Nauliza baada ya hapo."

"Ndiyo nakwambia, Afande. Waliendelea kupiga. Kumbe mazoea yake ni kukaa chini muda mrefu, halafu anaibukia upande wa pili na kuwarushia maji akina mama. Walidhani ni utani wake ule ule. Wengine walikuwa wanahesabu kwa sauti, wanacheka. Mwisho yule dada pale akaona hapana, akajitosa na nguo zake."

Yule dada alikuwa amekaa peke yake kwenye kiti cha mianzi, amejifunika blanketi. Jina lake Patsy Klemm, muuguzi, mpangaji wa ghorofa ya juu. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimegeuka kijani.

Barragán alichuchumaa, akaingiza mkono bwawani. Mkono ulipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye saa yake. Alipoutoa, vidole vilikuwa na utando wa kijani, na vilinuka klorini na majani yaliyooza.

"Hii ni nini?"

"Rangi ya Bahari ya Kusini," alijibu mwanamke mmoja kwa haraka. Alikuwa Bi Verna Tuttle, meneja wa majengo, mama wa makamo mwenye ua kubwa sikioni. "Wapangaji wanaipenda. Inspekta, mtachukua muda? Maana kuna wazee hapa, wameshtuka sana."

"Wameshtuka wakala?"

Bi Verna hakulipenda swali hilo.

Mwanamume mrefu, aliyenyolewa vizuri, alijipenyeza kati yao akiwa na bilauri iliyochongwa kama uso wa mungu fulani mwenye hasira. "Karibu kinywaji, Inspekta. Siku mbaya kwetu sote. Mimi ni Glenn Ostrander, mhandisi kwenye kiwanda cha ndege. Hapa ni mwenyekiti wa kamati ya wapangaji. Iosefa alikuwa kama ndugu yetu."

Barragán hakuipokea bilauri. Lakini aliiona mikono iliyoishika. Ilikuwa imebabuka, nyekundu, kama mikono ya dobi, na ilinuka dawa ya kuondoa madoa kuliko ilivyonuka ramu.

"Ndugu yenu alikuwa na mke?"

Ostrander alimgeukia Bi Verna. Bi Verna alimgeukia Ostrander.

"Sijui," alisema Ostrander. "Hatukuwahi kuzungumza mambo ya nyumbani."

*

Jumapili asubuhi Daktari Lindqvist, mchunguzi wa maiti, alipiga simu mwenyewe.

"Shingo imevunjika, Eusebio. Amegonga kitu kigumu kwa utosi. Na kwenye jeraha nimekuta chembe za rangi nyekundu."

"Sakafu ya bwawa ni ya buluu."

"Basi hakugonga sakafu." Karatasi ilisikika ikifunuliwa. "Kuna jingine. Mapafu yamejaa maji. Hakufa palepale. Alikuwa hawezi kusogeza mkono wala mguu, lakini alikuwa anapumua. Yaani alijaribu kupumua."

"Angetolewa mapema?"

"Angekuwa kitandani sasa hivi. Labda kilema, lakini hai."

Barragán aliikata simu bila kuaga. Kahawa yake aliimwaga kwenye sinki.

Saa hiyo zimamoto walikuwa wanamalizia kulikausha bwawa la Vai Lani. Maji yalipofika magotini, mmoja wao alipiga mluzi. Chini ya mwamba, mahali hasa ambapo mpiga mbizi angetua, lilikuwa limesimama sanamu la zege lenye kimo cha mtoto wa shule. Lilikuwa limeachama, mdomo na paji lake vimepakwa rangi nyekundu. Kwenye paji la uso palikuwa na ufa mpya.

Wapangaji walikuwa wamejaa kwenye vibaraza vyao vya juu, wengine na vikombe vya kahawa.

"Bi Verna. Hili huwa linakaa wapi?"

"Kule, kwenye maua."

Barragán alikwenda kule. Alikuta chungu kikubwa chenye mmea wa majani mapana. Alikisukuma kwa mguu. Chini yake udongo ulikuwa umedidimia, alama ya pembe nne, wadudu wanakimbia kwenye unyevu.

"Nani aliweka chungu hiki?"

"Mimi."

"Lini?"

"Jana asubuhi."

"Kwa hiyo jana asubuhi ulijua sanamu halipo."

"Niliona halipo, ndiyo."

"Ukafanya nini?"

"Si nimekwambia? Nikaweka chungu. Palikuwa pabaya kutazama, na wageni walikuwa wanakuja."

"Hukujiuliza limekwenda wapi?"

"Siku hizi vijana wahuni wanaiba kila kitu."

"Wahuni wabebe zege zito namna hii, walipitishe mbele ya milango ya watu, halafu waliache bwawani?"

"Mimi si polisi, Inspekta."

"Maji ya jana yalikuwa mazito kuliko kawaida. Nani aliongeza rangi?"

"Si mimi. Mimi natia Jumatatu."

"Lakini uliona yamekolea?"

Bi Verna aligusa ua lake sikioni. "Niliona yamependeza."

Mabry alikohoa, akatazama pembeni. Barragán alimwangalia yule mama. Alikuwa na umri wa dada yake mkubwa. Alikuwa amepaka rangi ya midomo, Jumapili asubuhi, kwa ajili ya polisi.

*

Nyumba ya Tuilagi ilikuwa Wilmington, karibu na bandari, nyuma ya matangi ya mafuta. Akina mama wa kanisa waliovaa nguo nyeupe walikuwa wamejaa sebuleni, na kulikuwa na nyimbo, si vilio. Fuatino, mjane, alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Pembeni yake alikaa bibi kizee aliyeshika mkono wake bila kuuachia.

"Mama yake Sefa," alisema Fuatino. "Hajui Kiingereza. Nikikuacha kidogo nimtafsirie, usinikasirikie."

"Chukua muda wako, mama."

Barragán aliangalia ukutani. Picha zilikuwa zimetolewa, misumari imebaki. Maboksi yalikuwa yamepangwa mpaka dirishani, yamefungwa kamba.

"Mlikuwa mnahama?"

"Kesho."

"Kwenda wapi?"

"Kule kule. Vai Lani. Namba kumi na moja."

Barragán alidhani hakusikia vizuri. "Mlikuwa mmepanga Vai Lani?"

"Mimi nafua mashuka hospitalini, hukohuko Alhambra. Natoka hapa kabla hakujapambazuka, narudi watoto wamelala. Sefa akaona tabu ninayopata. Akasema, mbona mahali papo, wale watu wananijua, wananipenda." Alitabasamu kidogo, tabasamu likakatika. "Aliomba mara mbili. Yule mama meneja akamwambia hakuna nafasi. Lakini tangazo lilikuwa limebandikwa getini, Sefa anapita chini yake kila Jumamosi! Mchungaji wetu akatueleza kuna sheria mpya ya jimbo, huwezi kumnyima mtu nyumba kwa rangi yake. Akampigia simu mwenye majengo. Mwenye majengo akaogopa kushtakiwa, akaamuru tupewe. Alhamisi Sefa akatia saini."

"Meneja hakuniambia."

"Ulimuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Ndivyo walivyo watu hao." Alisema neno kwa bibi kizee, kisha akarudi kwa Barragán. "Unajua walikuwa wanamwitaje kwenye lile onyesho? Chifu Kamanalu wa Tahiti. Mume wangu ni shemasi, wa Savaii, kisiwa chetu. Tahiti hajawahi hata kuiona. Na hilo jina la Vai Lani! Vai ni maji, kwetu. Lani ni mbingu, lakini ya Wahawaii. Sisi tunasema lagi. Sefa alikuwa anacheka, anasema hata jina wameokota nusu huku nusu kule." Alimgeukia Barragán. "Bwana Inspekta. Mimi niliambiwa ni ajali."

Barragán alizaliwa maili chache tu kutoka Alhambra. Macho ya mameneja wa nyumba aliyajua tangu akiwa mtoto, amemshika mama yake mkono mlangoni, wakiambiwa hakuna nafasi. Alitaka kusema jambo la kumfariji mjane yule, lakini kila neno alilolipata lilikuwa na ladha mbaya.

"Si ajali, mama," alisema.

*

Bi Verna alipoulizwa tena, hakuona haya hata kidogo.

"Ndiyo, alitia saini. Niliamriwa. Wewe uliniuliza mambo ya sanamu."

"Nani mwingine alijua?"

"Nilikuwa na wajibu wa kuijulisha kamati."

"Wajibu gani?"

"Watu wanaishi hapa, Inspekta. Wana haki ya kujua nani anakuja kukaa nao."

"Uliwajulisha lini?"

"Alhamisi hiyohiyo. Kikao kilikuwa kwa Bwana Ostrander. Yeye yuko namba kumi na mbili. Ukuta mmoja na kumi na moja."

Patsy Klemm hakutaka kuongea ndani ya majengo. Alimfuata Barragán mpaka kwenye gari lake barabarani, akaketi nyuma kama mtu aliyekamatwa.

"Ulikuwepo kwenye kikao?"

"Nilikuwepo. Nilikaa karibu na mlango."

"Walisema nini?"

"Walisema ni mtu mzuri. Kila aliyesimama alianza hivyo. Ni mtu mzuri, ni mchangamfu, ni hodari, lakini. Lakini watoto wake. Lakini ndugu zake watajaa. Lakini mtu akija kutafuta nyumba na kumkuta yeye amekaa barazani, atafikiri nini? Jamani, mtu akija kutafuta nyumba mahali panapoitwa Vai Lani! Nilitaka kucheka."

"Ulicheka?"

"Hapana."

"Ulisema nini?"

Patsy alivuta kola ya gauni lake. Nywele zake zilikuwa bado za kijani. "Sikusema kitu. Nilikunywa kinywaji changu."

"Ostrander je?"

"Alisema, 'Niachieni mimi. Jumatatu hahamii mtu hapa.'"

"Nani alimuuliza atafanyaje?"

"Hakuna. Walimpigia makofi." Alianza kulia, kwa hasira, kama mtu anayetapika. "Jana nilipokuwa chini ya maji, nilimshika, macho yake yalikuwa wazi. Na juu nawasikia wanahesabu. Mimi ni muuguzi, Inspekta. Ningeweza kuruka mapema. Niliona aibu, nisije nikaonekana mjinga."

Barragán alimpa leso. Hakumwambia alichosema Daktari Lindqvist.

Nyuma ya bwawa kulikuwa na stoo yenye kufuli. Ndani Mabry alikuta toroli la kubebea majokofu, magurudumu yake yana udongo mbichi wa bustani, na kopo la rangi ya bwawa lililokuwa tupu. Aliingiza kidole ndani ya kopo akatoa unga uliobaki. Ulikuwa mwekundu kama pilipili.

"Si ile rangi, Afande. Hii nyekundu."

"Tia mate."

Mabry alitema kidoleni. Unga ukageuka kijani, kijani kilekile, na ukagoma kutoka. Alisugua kwa suruali, akasugua kwa sabuni ya stoo, wapi. Ulitoka pale tu alipotumia dawa kali ya madoa, nayo ikamchubua.

"Funguo za stoo anazo nani?" Barragán aliuliza.

"Ninazo mimi," alisema Bi Verna mlangoni. Kisha, baada ya kufikiri upande gani una usalama zaidi, aliongeza: "Na mwenyekiti wa kamati."

*

Glenn Ostrander alikuja kituoni Jumatatu akiwa amevaa tai. Alikuwa na adabu. Aliuliza habari za watoto wa Mabry, ambaye hana watoto.

"Mikono yako imefanyaje?" Barragán alianza.

"Mzio. Sabuni mpya."

"Tumekuta alama za vidole vyako kwenye kopo la rangi."

"Mimi ni mwenyekiti. Nashika vitu vingi."

"Na kwenye mpini wa toroli."

"Vilevile."

"Ijumaa, baada ya watu kulala, ulikuwa wapi?"

"Nimelala."

"Jirani yako wa chini hakulala. Anasema alisikia toroli linapita. Alichungulia, akakuona."

Ostrander alishtuka kwa mara ya kwanza. "Burt alisema hivyo? Burt?"

"Alichukua muda kidogo. Nilimweleza adhabu ya anayeficha mauaji."

"Mauaji!" Ostrander alilegeza tai. "Ngoja. Ngoja, ndugu yangu. Hakuna aliyetaka mauaji. Nilitaka aumie kidogo tu. Ateguke mguu. Akae nyumbani, aone mahali pale pana mkosi, abadili mawazo."

"Ateguke mguu."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unamwangalia kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi."

"Anajitupaje?"

Ostrander alishika tai yake.

"Nimekuuliza, anajitupaje?"

"Kichwa chini."

"Sasa mguu ungeteguka vipi?"

Feni ya dari ilikuwa inazunguka. Mabry aliacha kuandika. Ostrander aliitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama upande wa pili.

"Sikufikiria," alisema.

"Wewe ni mhandisi. Ulichagua mahali anapotua. Ukalisimamisha, hukulilaza. Ukatia kopo zima la rangi asione. Usiniambie hukufikiria."

Ostrander aliificha mikono chini ya meza.

"Jumamosi ulipomwona anapanda mwamba, ulikuwa na nafasi ya kumwita."

"Watu wote walikuwepo."

"Basi?"

"Wangejua."

"Alipokosa kuibuka. Ulikuwa wapi?"

"Karibu na baa."

"Ulifanya nini?"

Sauti ya Ostrander ilishuka. "Watu walikuwa wanapiga makofi. Na mimi nikapiga."

Barragán alishika ukingo wa meza. Kwa miaka yote ya upelelezi alikuwa amekaa mbele ya watu waliochinja kwa wivu na waliopiga kwa ulevi, na karibu kila mmoja alimwachia nafasi ndogo ya kumhurumia. Kwa huyu alitafuta, hakuipata.

"Alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Nilimpenda sana, usifikiri vingine. Muulize yeyote." Ostrander aliinama mbele, kama mtu anayemfafanulia rafiki. "Inspekta, sikiliza. Mimi nimekulia Nebraska. Vumbi tupu. Nimefanya kazi maisha yangu yote nipate mahali pazuri pa kurudi jioni. Unafungua geti, unaona mienge, unasikia maji, unasahau kiwanda, unasahau kila kitu. Unajisikia uko mbali. Sasa nifungue mlango nimkute yeye hapo, na fulana, anamwaga takataka? Na wanawe? Na harufu ya mapishi yao ipite ukutani?"

"Mapishi gani?"

"Ya kwao."

"Jumamosi mlikuwa mnakula nini?"

"Nguruwe wa kuoka. Samaki na nazi. Mambo kama..." Alikatiza.

"Mapishi ya wapi hayo?"

"Ile ni tofauti."

"Tofauti gani?"

"Ile ni sherehe! Ikiisha, kila mtu anakwenda kwake!" Alipumua kwa nguvu. "Angekuwa jirani yangu. Unaelewa? Ukuta mmoja. Mtu kama yule unampenda akiwa juu ya mwamba. Sikutaka awe jirani. Sasa nimesema."

"Nani mwingine alijua?"

"Mikono ilikuwa yangu peke yangu."

"Sikuulizi mikono."

Ostrander alitikisa kichwa. "Waliona sanamu halipo. Waliona maji. Hakuna aliyeuliza." Akafikiri kidogo, kisha akauliza kwa adabu ileile aliyoingia nayo: "Ile nyumba, namba kumi na moja. Hawatapewa ndugu zake, au?"

Barragán aliinuka. Alikwenda dirishani akalifungua lote. Moshi wa mji uliingia, mchungu, unaowasha koo, naye akauvuta kifuani kwa shukrani.

"Mfunge pingu," alimwambia Mabry. "Mtoe humu."

*

Baadaye yalikuja mengine. Mahakama ilimhukumu Ostrander kifungo cha miaka mingi, na jirani yake Burt aliapa kizimbani kwamba siku zote alimwona Ostrander kuwa mtu wa ajabu. Wapangaji wengine hawakushtakiwa, kwa kuwa hakuna sheria inayomfunga mtu kwa kutouliza. Novemba ileile wapiga kura wa California waliibatilisha ile sheria ya nyumba kwa wingi mkubwa wa kura. Vai Lani walipata mpiga mbizi mwingine, kijana wa chuo kutoka Pasadena, aliyepakwa rangi ya kahawia mwilini.

Lakini wiki ile Barragán alikuwa na kazi moja iliyobaki, na hakutaka kumtuma mtu.

Alifika Wilmington siku ya mazishi. Ua ulikuwa umejaa watu. Mikeka laini ilikuwa imetandazwa, wanaume walikuwa wanatoa majimbi kwenye mawe ya moto, watoto wamevaa nguo zilizopigwa pasi. Walimpisha bila kumuuliza ni nani. Fuatino alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mama mkwe wake. Barragán alivua kofia, akachuchumaa mbele yao.

"Tumempata, mama. Amekiri. Ni mpangaji wa mlango wa pili, anaitwa Ostrander."

Fuatino alimtafsiria bibi kizee. Bibi kizee alitikisa kichwa polepole, akasema neno moja.

"Anauliza kwa nini."

"Hakutaka muwe majirani zake."

Fuatino hakutafsiri. Alikuwa anamwangalia Barragán kama mtu anayemsubiri mwenzake amalizie kusema.

"Halafu?"

"Hakuna halafu."

"Waligombana?"

"Hapana."

"Sefa alimtukana? Alimkosea mkewe? Sefa alikuwa na mdomo wa utani, labda siku moja..."

"Hapana, mama. Anasema alimpenda."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Upepo ulileta harufu ya mafuta kutoka kwenye matangi. Bibi kizee aliuvuta mkono wa Fuatino, akauliza tena, neno lilelile, kwa sauti ya juu kidogo. Fuatino alimgeukia. Kisha akarudi kwa Barragán.

"Hili nalisemaje?" alimuuliza. "Kwa lugha yetu, hili nalisemaje?"

Mama mkwe alikuwa bado anasubiri.